Joto la Miguuni

Keki ilianza kuinama kabla hawajafika nusu ya njia. Kilo alikuwa ameketi katikati ya wazazi wake, sanduku la keki mapajani, na kupitia kidirisha cha nailoni aliiona ghorofa ya juu ikisogea taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea.

"Baba, ongeza mwendo."

"Niongeze niende wapi? Huioni foleni?"

"Basi washa kiyoyozi."

"Kimewaka," alisema baba yake, akagonga kitufe kwa kidole kuonyesha kwamba hasemi uongo. Ni kweli kilikuwa kimewaka. Upepo uliotoka kwenye matundu ya dashibodi ulikuwa kama pumzi ya mtu mwenye homa.

Upande wa dirishani, Mama Kilo alikuwa ameshavua viatu. Alikuwa akiipepea keki kwa kipande cha kadibodi, uso umekunjamana kwa bidii. "Miguu yangu inaiva," alisema. Alikuwa akilalamika hivyo kila apandapo pikapu ile, kwa miaka mingi, mpaka maneno hayo yakawa sehemu ya mngurumo wa injini.

Mkahawani walikokuwa wakiipeleka keki, mlinzi aliwatazama, akaitazama pikapu, akawaelekeza geti la nyuma, zinakotokea takataka. Baba Kilo alitaka kubisha. Mkewe akamwambia aendeshe tu, keki haina muda wa heshima.

Msimamizi wa mkahawa alikuwa mwanamke mwenye kalamu nyuma ya sikio na sauti isiyopanda wala kushuka. Alifungua sanduku mbele ya wahudumu wake, akainamisha kichwa upande ule ule ulioinamia keki.

"Hii ndiyo ile uliyonionjesha wiki iliyopita?"

"Ndiyo, dada. Ila joto la njiani..."

"Mteja wangu haletewi joto la njiani. Analetewa keki." Mhudumu mmoja alicheka puani. Msimamizi alichovya kijiko, akaonja. "Utamu upo. Sikia. Ijumaa saa nne ninachagua mtu wa kutuletea keki mbili kila siku. Kuna wengine wawili. Leta moja. Ikifika imelala hivi, usishuke hata garini."

Kilo akasema asante. Hakuna aliyejua anashukuru nini, yeye mwenyewe akiwemo.

Nyumbani hapakuwa na kikao. Palikuwa na Mama Kilo. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, mtu aliyezoea kuuliza kitu kiko wapi, kimebaki kiasi gani, na nani alikigusa mwisho. Alisubiri sahani zitolewe mezani, akaanza.

"Gari la kukodi?"

"Nimepiga simu," alisema Kilo. "Mmoja nauli yake inazidi keki yenyewe. Mwingine anasema hapakii krimu kwenye viti vyake."

"Barafu?"

"Nilishajaribu, mama. Ukiweka barafu sandukuni krimu inatoa jasho, rangi zinachuruzika. Inabidi hewa yenyewe iwe baridi."

"Basi imebaki pikapu." Akamgeukia mumewe. "Kiyoyozi cha gari lako kilikufa lini?"

"Zamani."

"Zamani si tarehe."

Baba Kilo alikuna kidevu. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu, kabati na vitanda na masufuria, na pikapu ile haikuwahi kuacha godoro la mtu njiani. Kuisema vibaya mezani kwake kulimuuma kama kusemwa yeye. "Mwaka aliozaliwa huyu. Siku moja nikakiwasha, kikatoa joto. Nikajua gesi imekwisha. Tukawa na mambo mengine ya kulipia."

Mambo mengine yalikuwa Kilo mwenyewe. Jina lake halisi lipo kwenye vyeti, lakini alizaliwa kabla ya siku zake akiwa na kilo moja na gramu mia mbili, na wauguzi wakamwita Kilo ili wamtofautishe na vichanga wengine waliolala kwenye vile visanduku vya joto. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili na kilo sitini na nane, na hakuna aliyeona haja ya kusahihisha.

"Gari halina ubaya," alisema Baba Kilo. "Ni gesi tu. Kesho nakwenda kwa Fundi Presha."

Fundi Presha alipata jina lake kutokana na geji mbili za kupimia presha ya gesi, moja nyekundu na moja ya bluu, alizozivaa shingoni hata akienda kunywa chai. Kila ugonjwa wa gari aliuanzia hapo. Jumanne asubuhi alifungua boneti, akachomeka mipira yake, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua atalipwa.

"Mzee, hapa hakuna kitu. Pakavu."

"Umejuaje kwamba gesi ndiyo tatizo lenyewe?" aliuliza Kilo. Alikuja na daftari lake. "Je, ikijaa na bado hakuna baridi?"

Fundi Presha hakumtazama. "Mzee, mwambie binti gari si keki."

Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Baba Kilo naye akacheka, kidogo tu, kama mtu anavyocheka kwenye genge asiloweza kuliacha. Halafu akamwona binti yake akilifunga daftari taratibu, akaacha kucheka.

Gesi ikajazwa. Injini ikawashwa, kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikaitika kwa mlio wa "tak", na baada ya muda fundi akamvuta Baba Kilo mkono akaugusisha kwenye bomba moja la chuma. "Shika hapo. Unasikiaje?"

"Baridi!"

"Linatoa jasho kama chupa ya soda. Nenda zako."

Walipofika nyumbani wote wawili walikuwa wameloa. Matundu yalitoa upepo ule ule wa homa, labda umepungua kidogo, labda ni mtu kutaka kufarijika.

Jumatano wakarudi. Presha akapima, akaona gesi imetosha, akashangaa kwa sekunde moja tu. "Basi ni kompresa. Imechoka. Ikipata moto inalegea." Akataja bei.

Baba Kilo alimpigia mkewe simu huku amewapa kisogo watu. Hata hivyo gereji nzima ilimsikia Mama Kilo.

"Bei gani? Inapika na kufua?"

"Ndiyo bei yake, Mama Kilo."

"Muulize akiifunga na joto likaendelea, fedha zinarudi?"

Baba Kilo aliuliza. Fundi Presha akasema katika ufundi hakuna kitu kama hicho.

"Basi na mimi sina kitu kama hicho," alisema mama, akakata.

Jioni Kilo alileta bahasha mezani. Ndani yake kulikuwa na akiba ya oveni ya pili, ya miezi kumi na minne. Aliisukuma upande wa baba yake. Baba Kilo aliitazama kama mtu aliyewekewa nyoka. Mabinti wa watu wengine hununuliwa gari na baba zao, yeye anamnunulia baba yake kompresa.

"Mpaka kesho," alisema. "Irudishe. Tuongee kesho."

"Kesho ni Alhamisi, baba. Usiku naanza kupika."

"Nimesema kesho."

Asubuhi ya Alhamisi, Baba Kilo alitoka na mswaki mdomoni akasikia pikapu yake ikinguruma uani. Kilo alikuwa ndani, kwenye usukani, kipimajoto cha sindano anachotumia kwenye krimu kimechomekwa kwenye tundu la hewa. Daftari lilikuwa wazi juu ya goti.

"Unafanya nini?"

"Baba, keki ikikataa kuumuka hubadilishi unga na mayai na moto vyote kwa mpigo. Utajuaje kilichokosea? Unaacha vyote vilivyo, unaangalia kimoja, unaandika. Ingia. Funga mlango, usipoteze hewa."

Akaingia, povu la dawa ya meno mdomoni, akatoa mswaki. Hewa ilikuwa baridi. Baridi kabisa, iliyompiga kifuani kupitia fulana, baridi ya duka la nyama.

"Imepona!"

"Subiri. Soma hapo."

Kipimajoto kilisema tisa. Wakakaa. Baada ya dakika saba kilisema kumi na mbili. Dakika ya kumi, kumi na nane. Kilo alikuwa akiandika bila kuonyesha furaha wala hasira, kama anavyosubiri sukari iive. Dakika ya kumi na tano kilikuwa ishirini na tisa, na Baba Kilo alikuwa ameshafungua kitasa.

"Ndivyo alivyosema Presha," alisema kwa uchungu. "Ikipata moto kompresa inalegea."

"Nami niliwaza hivyo. Twende ukashike lile bomba."

Wakatoka, wakafungua boneti. Baba Kilo aligusa bomba la chuma. Lilikuwa la baridi, linatiririka jasho. Kompresa ilikuwa haijalegea hata chembe.

"Baridi inatengenezwa," alisema Kilo. "Haiishi. Ila kuna kitu kinaipasha moto kabla haijatufikia. Na kitu hicho hakipo mpaka injini ipate moto."

Mama Kilo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, tayari amevaa sare ya kazini. Alikuwa amesikiliza kila kitu, kama kawaida yake, kabla ya kutoa neno lake.

"Ni miguuni kwangu," alisema.

Wakamgeukia.

"Miaka yote ninasema miguu inaiva. Mnadhani nilikuwa naimba? Kuna moto pale chini. Dakika kumi za kwanza haupo, halafu unakuja. Nendeni mkaangalie, mimi nimechelewa." Lakini hakuondoka.

Kilo alizunguka upande wa abiria, akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya dashibodi, pale miguu ya mama yake ilipokaa miaka ishirini na miwili. Akautoa haraka. Kulikuwa na sanduku jeusi la plastiki, na lilikuwa na moto kama birika.

"Baba, hiki ni nini?"

"Hita," alisema Baba Kilo. "Maji ya moto ya rejeta yanapita humo ukitaka gari liwe na joto. Lakini imefungwa. Ona." Akaonyesha kijiti cha kwenye dashibodi, kimesukumwa mpaka mwisho wa alama ya bluu. "Iko kwenye baridi. Kijiti hiki hakijaguswa tangu..."

"Tangu lini?"

"Tangu waya wake ulipokatika."

Kilo alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa amerudi kwenye injini na kuifuata mipira miwili ya maji iliyoingia ndani upande wa abiria. Yote miwili ilikuwa ya moto. Kwenye mmoja kulikuwa na koki ndogo ya shaba, nyeusi kwa mafuta, na ile koki ilikuwa imefungwa kwa waya ibaki wazi. Haikuwa kazi ya kiwandani. Waya ulikuwa umezungushwa mara nne, ukasokotwa kwa koleo, na chini yake kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichokunjwa vizuri ili waya usiukate mpira.

"Nani alifanya hivi?" alisema Kilo. "Mtu amefunga hita isizimike. Mtu mwenye akili timamu, na hali ya hewa ya huku!"

Baba Kilo alizima injini. Alichukua koleo kwenye sanduku lake, akasubiri, akapuliza vidole, akaukata waya taratibu. Kile kitambaa kikamdondokea kiganjani. Nje kilikuwa lami tupu. Ndani ya mikunjo, kilikuwa bado cha njano, na kulikuwa na nusu ya picha ya bata.

Mama Kilo aliweka kikombe juu ya boneti.

"Hiyo ni blanketi ya mtoto."

"Ndiyo."

"Blanketi ya Kilo. Ile iliyokatwa pembe." Akamtazama mumewe. "Baba Kilo. Mimi nilimwambia dada yako yeye ndiye aliyeikata. Nilimwambia mbele ya watu. Wifi yangu alilia."

"Nakumbuka."

"Nawe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Ulikuwa umekasirika sana."

Kilo alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Baba yake alijifuta mikono kwenye pajama, akaanza kuzungumza na injini, si nao.

"Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali ulikuwa na kilo moja na gramu mia nane. Ulikuwa msimu wa baridi. Daktari akaniita pembeni, akaniambia, baba, huyu asipate baridi. Hata kidogo. Na kliniki ilikuwa kila wiki, alfajiri. Waya wa hita ulikuwa umekatika, sikuwa na fedha ya mwingine. Nikafungua boneti pale pale kwenye maegesho, nikaifunga koki ibaki wazi kwa kipande cha waya. Waya ulikuwa unataka kula mpira, nikatafuta kitambaa." Akakohoa. "Nilisema utakapofika kilo tatu nitaufungua."

"Halafu?"

"Halafu ukafika kilo tatu. Tukafurahi, nikasahau."

Mama Kilo akaanza kucheka. Alianza kwa kutikisika mabega, akashika boneti, kikombe kikaanguka na chai ikamwagika yote.

"Miaka ishirini na miwili!" alisema alipopata pumzi. "Unanipika miguu miaka ishirini na miwili! Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, kumbe changu kimelala kitandani kinakoroma!"

"Mama, usimcheke," alisema Kilo, naye machozi yanamtoka, na haikujulikana ni ya upande gani. "Baba, inafungika hiyo koki?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na kicheko kikakatika. Koki iliyokaa wazi miaka yote hiyo ingeweza kukatika kama biskuti, na ikikatika maji yote ya rejeta yangemwagika na pikapu isingetoka uani kesho. Baba Kilo aliipaka mafuta. Akaingojea nusu saa, mkewe amepiga simu kazini kusema ana dharura ya kifamilia. Akaishika kwa koleo, akaisukuma upana wa unywele mmoja kuelekea huku, unywele mmoja kuelekea kule, huku anainong'oneza kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Ilipiga ukelele. Ikazunguka. Ikafunga. Tone moja likatoka, wakalitazama wote watatu, na la pili halikuja.

Kilo aliwasha injini, akachomeka kipimajoto. Dakika ya kumi na tano kilisema nane. Dakika ya arobaini kilisema nane. Aliandika nane, akaipigia mstari.

"Nani atamwambia Fundi Presha?" aliuliza.

"Mimi," alisema baba yake. "Mbele ya wale wale waliocheka. Nitamwambia gari lilikuwa keki." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sikupaswa kucheka siku ile."

"Niliona ulivyoacha," alisema Kilo.

Ijumaa mlinzi aliwaelekeza tena geti la takataka, na safari hii hakuna aliyejali. Msimamizi alifungua sanduku. Alitazama kingo za krimu zilizosimama wima kama shuka iliyopigwa pasi, akaigusa kwa ncha ya kijiko, ikarudi mahali pake. Alichungulia uani.

"Umekuja na lile lile gari bovu?"

"Ndiyo, dada. Halina ubaya. Tulikuwa hatujaliuliza vizuri."

Msimamizi hakucheka, si mtu wa kucheka. Alitoa kalamu nyuma ya sikio na kumwonyesha mahali pa kuweka sahihi. "Kuanzia Jumatatu. Mbili kila siku. Ukichelewa naanza kuhesabu."

Njiani kurudi sanduku lilikuwa tupu na jua lilikuwa limewaka kweli kweli. Watu kwenye magari mengine walikuwa wameweka viwiko madirishani. Pikapu peke yake ilikuwa imefunga vioo mpaka juu, kwa maringo. Mama Kilo alikuwa amevaa soksi.

"Zima sasa," alisema. "Keki tumeshaiacha."

"Hiki kitu nimekidai miaka ishirini na miwili," alisema Baba Kilo. "Kiache kilipe."

"Miguu yangu inaganda."

"Umeanza tena."

"Kwa wifi nitakwenda lini? Nimtafutie blanketi nzima, nimpelekee, nipige magoti."

"Tutakwenda wote. Nitapiga magoti mimi."

Kilo alikuwa amesinzia katikati yao. Usiku mzima alikuwa amesimama akipika, na sasa kichwa kilikuwa kimelala begani kwa mama yake, mikono ameikunja kifuani, ngozi imemsisimka kwa baridi. Foleni ikasimama. Baba Kilo akaachia usukani, akavua koti lake la kazi, lile lenye harufu ya mbao na vumbi la nyumba za watu, akamfunika nalo mpaka shingoni.

Kilo akafumbua jicho moja. "Baba, sina baridi."

"Unayo. Daktari alisema usipate baridi."

"Baba. Mimi ni mtu mzima."

Magari ya mbele yakaanza kusogea. Baba Kilo akaweka gia.

"Hakusema mpaka lini," alisema.